Mfano wa Kumi na Nne

Walimwita Mkutubi hata baada ya maktaba yenyewe kufungwa na madirisha yake kuzibwa kwa mabati. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa nyuma ya meza pana ya mbao, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, muhuri wa tarehe mkononi, na watu wakija mbele yake bila kujua wanachotaka. Kugonga muhuri hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kumtazama mtu. Mwanamume angeingia akaulizia kitabu cha ufugaji wa kuku. Mkutubi angemwangalia mara moja tu, shati lililopigwa pasi upande mmoja, alama ya pete kwenye kidole kisicho na pete, akampa kitabu cha kuku na chini yake akasukuma riwaya ya mjane anayejifunza kupika. Baada ya wiki mbili mtu yule angerudi, asiseme hata neno moja juu ya kuku.

"Umejuaje, mama?"

"Macho ninayo," angejibu, akigonga muhuri.

Alijivunia jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kumjua mtu kabla hajasema aliona ni kipaji, na katika siku zake nzuri aliona ni aina ya upendo. Hakuwahi kujiuliza macho yale yale yangefanya nini yakikaa kwenye kichwa kisichompenda mtu yeyote.

Maktaba ilipofungwa alipata kazi ghorofa ya tatu ya jengo moja, juu ya duka la magodoro. Chumba kirefu, zulia la kijivu, kompyuta ishirini na nne, feni mbili ambazo moja ilikuwa pambo tu. Kampuni iliajiri watu wa kuufunza mtambo wa kutafutia habari, ule ambao watu huuliza kila kitu kwenye simu zao, ili uzidi kumjua anayeuliza. Mtu akiandika "dawa ya mgongo," mtambo usimjibu kama unavyoijibu dunia nzima. Umjibu yeye, dereva wa lori wa miaka hamsini, au yeye, mama mwenye mtoto wa miezi mitatu. Kwenye kioo cha kompyuta lilitokea sanduku lenye habari za mtumiaji asiye na jina: umri wa kukadiria, kazi, mambo aliyotafuta siku saba zilizopita, watu anaoishi nao. Chini ya sanduku zilikaa orodha mbili za majibu, ya kushoto na ya kulia. Ulitakiwa kusema ipi inamfaa zaidi mtu huyo, kuanzia hasi tatu mpaka chanya tatu, kisha uandike sentensi moja ya sababu. Wenzake waliandika "inafaa" na "haifai," wakaenda kunywa chai. Mkutubi aliandika sentensi kweli.

Katika mwezi wake wa pili, kioo kilimletea baba mmoja wa makamo. Mwanawe alikuwa amehama nyumbani, akanunua simu mpya na namba mpya, lakini mtambo ulimtambua huko huko alikokwenda. Haukuhitaji jina. Ulimtambua kwa nyimbo alizosikiliza, kwa saa alizolala, kwa jinsi alivyouliza mambo. Basi orodha ya kulia ilimpa baba, bila yeye kuomba, hali ya hewa ya mji wa mwanawe na ratiba ya mabasi ya kwenda huko. Mkutubi alimwona mzee yule waziwazi, kama alivyozoea kuwaona watu wa maktaba: amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, hajui aulize nini. Akaweka chanya tatu. Akaandika: "Mtu huendelea kuishi na watu wake hata wakiwa mbali, apewe habari za mahali walipo bila kungoja aulize."

Msimamizi wao, mwanamume nadhifu waliyembandika jina la Bwana Asilimia kwa sababu hata salamu aliipima, aliipenda sentensi hiyo mpaka akaisoma kwa sauti mbele ya chumba kizima. Wiki mbili baadaye ilikuwa imeingia kwenye mwongozo wa kampuni, ule uliotumiwa na ofisi zake zote, ndani ya nchi na nje. Iliitwa Mfano wa Kumi na Nne. Nakala yake ilibandikwa ukutani, kando ya mtungi wa maji.

"Umeingia kwenye historia, Mkutubi," alisema jirani yake wa meza, mzee aliyewahi kusoma habari redioni na ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko chumba. Walimwita Mtangazaji. "Sisi wengine tutaingia kwenye faili la walioacha kazi."

Alicheka. Kila alipokwenda kuchota maji aliisoma sentensi yake, na kila mara ilimfurahisha kidogo.

*

Miezi mitatu baada ya hapo alimtorosha mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba mwenye kicheko cha haraka, aliyetembea akiimba kwa midomo iliyofumbwa kama watu wanaokaa na watoto kutwa. Kidole cha kati cha mkono wake wa kulia kilikuwa hakikunjiki tena. Mlango, alisema mara ya kwanza. Mara ya pili hakutaja mlango. Mumewe alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimpenda. Alitengeneza friji akaacha na kicheko jikoni, na wenye nyumba walimwita tena hata friji ikiwa nzima. Juu ya paa alifuga njiwa. Aliporudi jioni, kabla ya kuvua viatu, aliinyanyua simu ya mkewe na kuishika kiganjani kama mtu anayempima mtoto homa, aone kama ina joto.

Mipango yote waliifanya kwa mdomo, wamesimama nyuma ya nguo zilizoanikwa. Mkutubi alimkumbuka msomaji wake wa zamani, mama mmoja ambaye sasa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya chekechea katika mji wa machimbo ya mawe, mwendo wa saa tatu kwa basi. Alikwenda mwenyewe kumwomba. Simu ikanunuliwa mpya, na namba mpya.

"Usinipigie," alimwambia mdogo wake siku ya kuondoka. "Usiandike jina lako popote. Usimtafute mtu yeyote tunayemjua, hata kwa kumchungulia."

"Hata wewe?"

"Mimi kwanza."

Mdogo wake alishika masharti yote, moja moja, kama alivyowashikisha watoto herufi.

Na shemeji akaanza kuja. Kila Jumamosi alasiri, mkate mkononi, hodi yake ikisikika tangu ngazini.

"Hodi hapa kwa wasomi!"

"Karibu, shemeji."

"Shikamoo."

"Marahaba."

Alikaa kiti kile kile, kilicho karibu na friji, akainamisha kichwa kama daktari. "Friji yako inakohoa. Siku moja itakuzimikia na nyama ndani."

"Acha izime. Nyama yenyewe iko wapi?"

Alicheka, akapiga goti. Alikunywa chai kwa utulivu wa mtu aliyekuja kwao. Halafu, akitazama kikombe: "Hajapiga?"

"Hajapiga."

"Hata salamu? Kwa dada yake wa tumbo moja?"

"Hata salamu."

"Wanawake wa ukoo wenu mna roho ngumu. Ningejua ningeoa nyumba nyingine." Akacheka tena. "Mimi nataka kumwona tu, shemeji. Mtu kumwona mkewe kuna ubaya?"

"Inategemea anamwonaje."

Hapo alicheka mpaka akafuta machozi, kisha kicheko kikakatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Alitoa simu mfukoni, akaiweka mezani kati yao.

"Siku hizi naongea na hii. Njiwa wakiumwa naiuliza. Mke akitoroka naiuliza. Inanisikiliza kuliko ninyi nyote. Juzi imeniletea nyimbo za watu walioachwa, zinafuatana, moja baada ya nyingine. Mimi sijaiambia kitu. Imenijua tu." Alimtazama Mkutubi kwa macho yenye heshima ya kweli. "Kazi yako si ndiyo hiyo? Wewe ndiye unayeifundisha?"

"Nasahihisha tu."

"Basi sahihisha vizuri," alisema akiinuka. Aliosha kikombe chake mwenyewe, akakifuta, akakirudisha mahali pake. "Jumamosi, tukijaliwa."

*

Siku mbili baadaye, Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi, kioo kilileta kazi ya ishirini na tisa.

Mwanamume, miaka arobaini mpaka arobaini na tano. Fundi wa vifaa vya baridi. Siku saba zilizopita ametafuta: gesi ya friji, njiwa anayekohoa, mke ametoroka nifanye nini, kumpata mtu aliyebadilisha namba. Anaishi peke yake. Mwanakaya wa zamani: mwanamke, miaka thelathini na tano, ametambuliwa kwenye simu mpya kwa mazoea. Uhakika: asilimia tisini na moja.

Mafundi friji wapo wengi, alijiambia. Wafuga njiwa nao wapo. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena, kisha akashusha macho kwenye orodha ya kulia. Hali ya hewa ya wiki hii katika mji wa machimbo. Ratiba ya mabasi ya kwenda huko. Shule za chekechea za huko, na namba zao za simu. Jina la mji lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kawaida, kama jina la mji mwingine wowote.

Chini kabisa, kwa maandishi madogo: orodha ya kulia ilipelekwa kwa mtumiaji jana alasiri. Amefungua jibu la pili. Amekaa nalo dakika nne.

Mkutubi alisoma mstari huo wa mwisho mara nyingi. Ratiba ilikuwa na mabasi mawili kwa siku. Nani anahitaji dakika nne kusoma mabasi mawili? Alimwona shemeji yake, kwa macho yale yale ya miaka ishirini na mbili, amekaa juu ya paa, kidole kimesimama juu ya kioo, anapanga.

Aliweka hasi tatu. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: "Majibu haya yatamuua mtu." Sanduku likawa jekundu. Jibu lako linapingana na Mfano wa Kumi na Nne. Tafadhali soma mwongozo, kisha ujaribu tena.

Bwana Asilimia alikuwa ameshafika nyuma yake. Nyekundu ilionekana pia mezani kwake. "Mama, hii ni mara yako ya kwanza. Alama zako ziko asilimia tisini na nane!"

"Hii orodha imepelekwa kwa mtu wa kweli?"

"Imepelekwa. Sisi tunapima tu kama ilimfaa."

"Inaweza kurudishwa?"

"Irudishwe vipi? Jibu likishasomwa limesomwa." Aliinama, akasoma, akatabasamu kwa kuchanganyikiwa. "Lakini mama, mfano wenyewe ni wako. Umejipinga mwenyewe?"

"Niliandika juu ya mzee na mwanawe."

"Mtambo haujui mzee na mwanawe," alisema kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia. "Unajua watu wa nyumba moja. Ndiyo maana ulikuwa mfano mzuri, unaingia kila mahali." Kisha akamtazama usoni, na sauti ikapungua. "Unamfahamu mtumiaji huyu? Maana ukimfahamu, sheria inasema..."

"Simfahamu."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Bwana Asilimia akasubiri. Mkutubi akarudisha mkono kwenye kipanya, akafuta sentensi yake, akabadilisha hasi tatu kuwa chanya moja, akaandika "inafaa." Nyekundu ikaondoka. Alama haikuwa na maana tena. Dakika zile nne zilikuwa zimekwisha tumika jana. Lakini vidole vyake viliona aibu, alihisi, vidole tu.

"Unaumwa?" Mtangazaji alimnong'oneza, na mnong'ono wake ukasikika meza tatu mbele. "Umebadilika rangi."

"Tumbo."

"Basi nenda. Akiuliza nitasema mambo ya kina mama. Hakuna mwanamume humu atakayeongeza swali."

Aliiacha simu yake mezani, imewashwa, imelala kifudifudi kando ya kikombe. Iendelee kusema kwamba yeye yuko kazini. Alishuka ngazi bila kukimbia, akapita kati ya magodoro yaliyosimamishwa kwenye nailoni, na alipofika barabarani ndipo alipogundua kwamba hajui saa ya basi. Angeweza kuisoma pale juu. Ilikuwa mbele ya macho yake. Hakuwa ameisoma. Akauliza kwa mdomo, kwa muuza magazeti, kwa mwanamke aliyekuwa akifagia, kwa mkata tiketi.

"La alfajiri limeondoka," mkata tiketi alisema. "Jingine saa sita. Namba ya simu, mama?"

"Sina simu."

"Kila mtu ana simu, mama."

"Imeibiwa."

Kijana wa dirishani akamwandikia tiketi kwa kalamu, akimsikitikia. Kwa saa tatu za safari Mkutubi alitazama visogo vya wanaume waliokaa mbele yake, kimoja kimoja. Hakuna kilichokuwa cha shemeji yake. Hilo halikumpa nafuu. Basi la alfajiri nalo lilikuwa na viti.

*

Shule ilikuwa na vyumba vitatu na ukuta uliochorwa namba kubwa za rangi. Vumbi la mawe lilikaa juu ya kila kitu, jeupe, hata juu ya majani. Mwalimu mkuu, mwanamke mnene mwenye leso begani, alikuwa akifunga madirisha.

"Mkutubi! Ewe, mbona kimya kimya? Na umenenepa!"

"Mdogo wangu yupo?"

"Yupo nyuma, anasuuza vikombe vya watoto. Leo ni siku ya wageni kweli. Wewe huyo, na asubuhi fundi amepiga simu."

"Fundi gani?"

"Wa friji. Mcheshi huyo! Kanichekesha mpaka uji ukaungua. Kauliza kama shule ina friji mbovu, nikamwambia ipo tangu mwaka juzi. Kauliza tuko walimu wangapi wa kunywa hayo maziwa. Nikamwambia wawili, mmoja mgeni, ana miezi michache tu. Kasema anakuja kesho asubuhi na basi la kwanza." Tabasamu lake lilibaki peke yake kwa muda, kisha likaanguka. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," alisema Mkutubi. "Nilifanya mimi."

Mdogo wake alikuwa ameinama juu ya beseni, vikombe vya plastiki vya rangi vimepangwa juani. Alipomwona dada yake alinyanyuka akicheka, mikono ikidondosha maji, kisha akaisoma sura iliyokuja mbele yake, akaacha kucheka.

"Ni yeye," alisema.

"Kesho asubuhi."

Mdogo wake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akatoa simu kwenye mfuko wa gauni. "Tangu Ijumaa inanionyesha picha yake. 'Je, unamfahamu mtu huyu?' Yuko na njiwa wake. Nimeogopa kubonyeza ndiyo. Nimeogopa kubonyeza hapana pia, dada, maana nalo ni jibu."

"Umefanya nini na simu hii?"

"Sijafanya kitu! Sijaandika jina. Sijamtafuta mtu."

"Najua. Niambie ulichofanya."

Akahesabu kwa vidole, kile kisichokunjika kikisimama peke yake. Nyimbo za darasani, zile za mvua na za kuku na vifaranga. Mchezo wa redio wa jioni, kwa sababu alitaka kujua kama yule daktari alimwoa yule muuguzi. Mazoezi ya kidole kilichokaza. Namna ya kutoa harufu ya uji kwenye nguo. "Basi," alisema. "Mambo yangu tu."

Mkutubi aliitazama ile simu. Mambo yake tu. Ndiyo yaliyotosha. Yeye mwenyewe angemtambua mdogo wake kwa hayo, angemtambua kati ya watu elfu, akiwa amefumba macho.

Saa kumi ilipogonga mwalimu mkuu alikuwa ameshazungumza na dereva wa lori la kokoto, jirani yake, mzee wa maneno machache aliyekuwa anaondoka saa kumi na moja kupeleka mzigo. Mbali, alisema mwalimu mkuu, na alipofungua mdomo kutaja mahali, Mkutubi aliinua mkono.

"Usiniambie."

"Lakini wewe ni dada yake."

"Ndiyo maana. Jumamosi anakuja kwangu kunywa chai. Uso wangu anaujua. Na simu yangu," alisita, akatafuta namna ya kulisema, "simu yangu itaanza kuulizia mvua ya huko kabla mimi sijajua kwamba nimeuliza. Nisijue. Nikijua, ataambiwa."

Alimsaidia mdogo wake kufunga begi. Halikuchukua muda: magauni matatu, vyeti, sanduku la chaki za rangi. Simu waliizima, wakaitoa kadi yake, wakaivunja kwa jiwe, kisha wakaivunja simu yenyewe, na kwa kila pigo mdogo wake alitazama kando kama anayepita machinjioni. Mkutubi alizungumza huku akikunja nguo, upesi, bila kumtazama.

"Ukinunua nyingine, nyimbo za darasani usizitafute."

"Dada, mimi ni mwalimu wa chekechea."

"Imba kwa mdomo. Usizitafute. Mchezo wa redio uache."

"Sawa."

"Saa unayoamka, ibadilishe. Ukizoea saa kumi na moja, amka saa moja. Mazoezi ya kidole usiyaulize."

"Kitakauka."

"Kikauke."

Neno lilitoka kali kuliko alivyotaka. Mdogo wake aliinua kichwa, akamwangalia kwa muda mrefu, na katika macho yake hamkuwa na hasira, ila mshangao wa mtu anayesikia anaambiwa apunguzwe, kipande baada ya kipande, na anayemwambia ni damu yake.

"Na nikishabadilisha vyote hivyo," aliuliza polepole, "wewe utanijuaje?"

Mkutubi alifunga zipu ya begi. Maisha yake yote watu walimuuliza amejuaje.

"Kuhusu friji," mwalimu mkuu alisema mlangoni, akisugua mikono kwenye leso. "Kesho akija nimwambieje?"

"Mpe aitengeneze. Mchekee. Mwambie mwalimu mgeni aliondoka zamani, na hukumpenda."

Lori lilisimama nje ya geti, injini ikinguruma, limepakwa vumbi lile lile jeupe mpaka vioo. Walikumbatiana kidogo tu. Kukumbatiana sana kungewaangusha. Mdogo wake akapanda, begi magotini, na dereva akaweka mbele yake chupa ya maji bila kusema neno. Mkutubi aliweza kuona kwamba midomo yake imefumba na ndani ya midomo ile kuna wimbo umeanza wenyewe, kwa mazoea, na kwamba ameushtukia, ameukata.

Barabara ya pale iliteremka mita mia mbili, kisha ikagawanyika: kushoto milimani, kulia tambarare. Mkutubi alilijua hilo kwa sababu basi lake lilipita hapo. Basi lori lilipoanza kwenda aligeuka, akaupa mgongo ulimwengu wote, akasimama akiutazama ukuta wa shule wenye namba za rangi. Alisoma moja. Alisoma mbili. Mwalimu mkuu alimshika bega. Alisoma tatu, nne, tano, kwa nguvu, kama mtoto, ili masikio yake yawe na kazi nyingine.

Lakini huko chini dereva alipunguza mwendo, akabadilisha gia, na injini ile nzito ikaanza kulia kwa namna ambayo gari hulia linapopandisha mlima.